Pikipiki ya Baba Imewaka

Kaka yangu,

Shikamoo. U hali gani, na wifi hajambo? Kile kifua chake kimetulia? Watoto nao, yule mdogo bado anakula chaki? Sisi huku wazima. Mama hajambo, ni magoti tu yanayompigia kelele kila asubuhi. Baba naye yupo. Jicho la kushoto sasa linaona mwanga wa mlangoni basi, na la kulia linafuata nyayo za mwenzake, lakini mdomo haujapungua hata chembe.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Kwenye simu ningekuhadithia habari za mvua, kisha ningekata. Kwa hiyo nampa kondakta wa basi la kesho bahasha hii uipate kabla ya Jumamosi. Tafadhali soma taratibu, usiruke mistari kama ulivyozoea.

La kwanza, pikipiki ya Baba imewaka. Naam, ile ile kuukuu yenye tangi jekundu, iliyokaa stoo chini ya turubai miaka kumi na moja. Mama ndiye aliyelianzisha. Alitaka stoo yake aweke mapipa ya maji, akasema amekaa na mke mwenza humo ndani vya kutosha, sasa ama atembee ama aende kwa wauza vyuma chakavu. Baba alinuna siku mbili. Ya tatu akaniagiza niisukume mpaka karakana, akaketi kwenye stuli pembeni yangu na kusema mimi nitakuwa macho, yeye atakuwa masikio na pua.

Nakueleza kazi yenyewe kwa sababu wewe ni fundi, na usinibishie. Petroli iliyokuwa ndani ilinuka kama rangi iliyooza. Tangi lilijaa kutu, nikatia mafuta ya taa na kipande cha mnyororo, nikalitikisa mpaka mabega yakaomba talaka. Kisha nikaifungua kabureta. Bakuli lake lilikuwa na gundi ya njano chini, na njia ya petroli ya sailensa, ile ya kuunguruma polepole bila kuvutwa mafuta, ilikuwa imeziba kabisa. Nililoweka, nikapuliza, nikapanga kila kipande juu ya kitambaa kwa mpangilio wa kufungua. Boya linaloelea ndani ya bakuli nilipolitikisa sikioni nikasikia petroli inacheza ndani, ndiyo maana lilikuwa linazama na mafuta yanamwagika nje. Nikalitumbukiza kwenye maji ya moto, vipovu vikanionyesha tundu, nikaliziba kwa risasi ya kuyeyusha.

Siku ya kwanza iliwaka kwa kiki ya saba ikazimika. Baba akasema inavuta hewa ya wizi ubavuni. Kweli bwana, gasketi kati ya kabureta na injini ilikuwa imepasuka, nikakata nyingine. Baada ya hapo ikasimama sailensa vizuri, hata Mama akatoka jikoni kuja kumtazama mke mwenza. Lakini ukiivuta mafuta tu, inakabwa, inakohoa, inatoa moshi mweusi, na plagi inatoka nyeusi kama sufuria ya kuni. Nikabadilisha plagi. Nikasafisha chujio la hewa. Nikashusha sindano ya kabureta. Nikalipima boya upya. Wiki tatu nzima! Jirani yetu mchomeleaji, yule mnayemwita Cheche, akasema hiyo ina jini, itafutiwe mganga. Baba hakucheka.

Asubuhi moja akaniambia nazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alisema amekuwa akisikiliza bisibisi yangu siku zote hizo, na kila kitu kimefunguliwa isipokuwa jeti kubwa, ile yenye kitundu kinachopimia injini petroli. Akauliza kama naiogopa. Nikaifungua, nikamwekea kiganjani. Aliigeuzageuza, akanirudishia, akaniambia niielekeze juani nimweleze kitundu chake kikoje. Kabla sijafumbua kinywa akasema nisijisumbue, yeye alishakiona kwa macho yake mazima, kimekwanguliwa na kupanuliwa, na kwamba hayo ni mabaki ya sindano yako wewe kaka na uongo wako. Alilisema bila hasira, kama anasoma namba kwenye geji.

Kaka, hapo ndipo nilipokuwa nakupeleka tangu mwanzo wa barua. Sindano ile ilikuwa mkononi mwangu mimi.

Unaikumbuka ile siku, miaka kumi na moja sasa, kuliko mtu yeyote. Baba alikuachia pikipiki yake uifanye peke yako, na ikisimama vizuri ungepewa meza yako mwenyewe. Ulivipanga vipande vyote kwenye kitambaa ukaenda kunawa na kula. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, kazi yangu kufagia na kupokeza spana. Nilichukua jeti, nikaitazama juani, nikaona kama kuna uchafu umebaki. Nikachomoa sindano kwenye kopo la Mama la kushonea, nikaizungusha mle ndani mpaka mwanga ukapita mkubwa. Walahi nilidhani nakusaidia. Kila fundi kwenye mstari wetu wa vibanda anajua jeti inapulizwa, haichokonolewi na chuma, lakini mfagizi nani alimfundisha? Nikairudisha mahali pake, nikafurahi moyoni, nikaendelea kufagia.

Ukaifunga, ikatoa moshi mbele ya mafundi wote Baba aliowaita kushuhudia. Akaitoa jeti, akaona mikwaruzo, akakuuliza. Ukaapa hukuigusa kwa sindano. Akasema mbele yao kwamba fundi anayekosea anaweza kukaa naye, mwongo hawezi. Mimi nilikuwa nimesimama pale na ufagio. Niliyajua yote, na ulimi ukanigandia. Kwanza niliogopa kipigo. Kesho yake niliogopa kuulizwa kwa nini sikusema jana. Ukaondoka kabla ya wiki kwisha, na pikipiki ikafunikwa turubai na jeti ile ile ndani. Baba akakosa wa kumshikia taa, akaniita mimi, na ndivyo nilivyoupata ufundi huu wanaonisifia. Nafasi yako niliikalia mimi, na spana zako ndizo nilizotumia. Mtu akiniambia nina mkono mwepesi, najiona mwizi. Hiyo ndiyo kweli yote, sina nyingine niliyoificha.

Nilimwambia Baba palepale, jeti ingali mkononi. Aliniuliza nilitumia nini, nikamjibu. Akauliza kama wewe ulijua, nikasema hukujua. Nikangoja kofi. Heri angenipiga, kaka. Aliinuka, akaomba fimbo yake, akaniambia nimshike mkono.

Alinipeleka kibanda kwa kibanda, kwa wote waliokuwapo siku ile na bado wapo. Kila tulipofika alitoa salamu, akavua kofia, akasema kuwa mwanawe aliyemwita mwongo mbele yao hakusema uongo, aliyekosea ni yeye baba yake, na mengine atawaeleza huyu aliyemshika mkono. Nami nikawaeleza. Vibanda tisa! Cheche alizima mashine yake, akavua miwani, akaniambia usoni kwamba sina haya. Fundi wa matairi alitaka kulipoza, akasema ni mambo ya zamani. Baba akamwambia si ya zamani kwa aliyeyabeba. Tulipofika cha mwisho sauti ilikuwa imenikauka, lakini nilisema.

Kesho yake nilitia jeti mpya. Kiki ya pili, ikawaka. Nikaivuta mafuta mpaka mwisho, haikukohoa, moshi msafi. Baba alisikiliza kidogo tu akaniambia niizime. Kisha akauliza basi la kwenu linachukua saa ngapi.

Anakuja Jumamosi, na Mama. Nilijitolea kumsindikiza, akakataa, akasema matembezi yangu nimeshayamaliza. Ameniagiza nikuambie usiandae chochote, na kwamba ukimwacha nje ya mlango ni haki yako, hatalalamika. Spana zako nimezisafisha nikazirudisha sandukuni. Meza ni yako ukiitaka, tamka neno moja nami nitaiachia siku hiyo hiyo. Ukisema hutaki hata kuniona, pia nitakuelewa. Sikuombi unisamehe kwa barua. Nitakuja mwenyewe ukiniruhusu.

Ila kwa Baba nakuomba, mpe kiti. Jioni anaingia stoo, anasimama kati ya mapipa ya Mama akidhani hakuna anayemsikia, na anajifunza maneno atakayokuambia. Ni mawili tu: nisamehe mwanangu. La kwanza linatoka. La pili linamshinda kila mara, anakohoa, anaanza upya. Akikwama na kwako, usimkatize. Mngoje.

Nisalimie wifi, wabusu watoto, na huyo mla chaki mwambie shangazi yake anamkumbuka. Mama anakusalimu sana, anasema ataleta magoti yake kama yalivyo.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekaa kimya.