Mkono Niliomwinulia Salumu

Jumapili, baada ya magharibi

Nimewaficha vijana jambo moja tangu msimu uanze, na lawama zake anazibeba Salumu.

Leo tumefungwa mechi ya mwisho. Hatujashinda hata moja. Tulipokaa kula pale Xiaobei, mtaa wetu Waafrika huku ugenini, wenzake wakamshukia.

"Laoban mzima, bosi wa mizigo, miguu umeipakia kwenye kontena?" Idi alimcheka. "Kila ukikimbia unatolewa!"

Salumu akanigeukia. "Babu, wewe ndiye kocha. Si uliniinulia mkono nikimbie?"

Kwenye besiboli mkimbiaji hageuki kuutafuta mpira ulio nyuma yake. Anautazama mkono wa kocha, ukiinuka, anakimbia.

"Niliinua kwa wakati," nikasema. "Wewe ndiye uliyechelewa."

Akavua jezi, akaikunja vizuri kama ya kuuzwa sokoni Zhanxi, akaiweka mbele yangu. "Basi nisamehe, Babu."

Hilo neno ndilo linalonichoma. Daktari ameshaniambia moyo wangu umechoka, na Salumu anarudi Tanga Jumatano. Nimeshika simu mara mbili nimwambie ukweli, nikaiweka. Niliogopa wataniondoa pale kando ya uwanja, mahali pekee ambapo bado nahitajika.

Naandika kwa herufi kubwa, vinginevyo sizisomi. Kesho nitampa ukurasa huu, maana mdomo umeshanishinda.

Salumu, mpira sijauona tangu mechi ya kwanza. Nilikuwa nasikia gongo likiugonga mpira, nahesabu hadi tatu, nainua mkono.