Matita Mia na Ishirini

Ha Mokoto,
Thaba-Tseka, Lesotho.
4 Oktoba 1993

Mpendwa wifi yangu Puseletso,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na Bwana Thebe na watoto. Goti lako linaendeleaje? Uliandika kwamba upepo wa huko Cape Town unaliuma kama mbwa. Lipake mafuta, ulifunge kwa sufu usiku. Sisi tu wazima. Kikohozi changu kimepoa, Lineo yuko kidato cha pili, na ule mpichi aliopanda kaka yako nyuma ya zizi umechanua. Kitambaa cheusi cha msiba bado ninakivaa.

Barua hii nimeianza mara tatu na kuichana. Leo nitaandika neno lenyewe kwanza, halafu nieleze.

Nilikuahidi kwamba nyumba ya marehemu mama yenu, unamofikia ukija, itaezekwa upya kabla hujaja Desemba kunivua kitambaa. Haitaezekwa. Nyasi alizoikatia marehemu kaka yako Tseliso sinazo tena. Aliyezitoa ni mimi, na sikukuuliza. Naona haya, wifi. Naomba usome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Unamkumbuka Bibi Matsepo, yule wa karibu na chemchemi. Mwezi wa tatu radi iliteketeza nyumba yake, naye ana wajukuu watano yatima. Chifu akaita mkutano. Tukakubaliana wanaume wainue kuta na wanawake tukate nyasi. Nyumba iliyoungua, ya duara kama zetu zote, kamba yake ya kupimia ilikuwa hatua mbili kutoka kigingi cha katikati hadi ukutani, sawa na jiko letu. Kwa kuwa watoto ni wengi, wakasema sasa kamba iwe hatua nne.

Chifu alitaka kujua idadi ya matita. Hujasahau bonde la nyasi linavyofungwa, likafunguliwa siku chache tu wakati wa baridi, na tukishamaliza kukata ng'ombe wanaingizwa. Ukikosea idadi unangoja mwaka mzima.

Mzee Sekake, aliyekuwa akiezeka pamoja na kaka yako, alisema, "Msiniulize mimi. Mimi nilikuwa sindano, Tseliso ndiye aliyekuwa hesabu." Basi watu wote wakanigeukia mimi.

Ningeweza kusema sijui. Nikasimama. Jiko letu lilikula matita sitini, hilo nilikuwa nalijua. Kamba imekuwa mara mbili, basi na nyasi ziwe mara mbili. Nikasema mia na ishirini.

Mama mmoja akanichokoza, "Haya, mke wa fundi naye amekuwa fundi."

Nikamjibu, "Dada, miaka kumi na saba nimelala kitanda kimoja na hesabu."

Watu wakacheka mpaka chifu akafunika mdomo kwa blanketi. Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amecheka nikiwapo. Nilijiona nimerudi duniani. Lineo alikuwa nyuma yangu, akanivuta blanketi na kuninong'oneza, "Mama, si mara mbili. Duara halikui hivyo." Nami, kwa sauti ya kusikiwa na wote, nikamwambia, "Nyamaza. Mtoto hapimi paa mbele ya watu wazima."

Tulikata mia na ishirini, tukayafunga vizuri, na ng'ombe wakaingia bondeni.

Mzee Sekake alianza kuezeka mwezi uliopita. Unajua paa huanzia chini, kwenye ukingo, ambako ni kupana kuliko kote. Alizunguka, akazunguka. Matita yalipokwisha, hakuwa amefika hata theluthi ya mwinuko. Juu fito zote zilikuwa wazi kama mbavu za mnyama, na mawingu ya mvua yalikwishaanza kukaa milimani.

Wakamgeukia yeye. "Mzee, nyasi umeziezeka au umezila?"

Akasema, "Mimi si ng'ombe."

"Tangu Tseliso afe huyu mzee anapanga nyasi nene kama godoro."

Nilikuwepo, nimebeba ndoo. Wakaniuliza naonaje. Wifi, nilisema, "Labda amezidisha unene." Niliyasema maneno hayo kwa kinywa changu. Mzee Sekake akaanza kukusanya vifaa vyake. Huyu ndiye aliyebeba jeneza la kaka yako upande wa kichwa.

Siku tatu nilikaa hivyo. Watoto walikuwa wakilia moo Mzee Sekake akipita. Lineo alikula upande wa pili wa jiko na kunijibu ndiyo na hapana.

Siku ya tatu nilikuwa nasiriba ukuta wa mbele na kuchora nakshi kwa uma, kama tufanyavyo kila mwaka kabla ya mvua. Lineo akaja, akanichukulia uma mkononi. Akachora mraba mdogo kwenye udongo mbichi. Kando yake akachora mwingine ambao kila upande wake ni mara mbili. "Mama, midogo mingapi inaenea humu?"

Minne. Sikuhitaji kuhesabu. Tangu nikiwa msichana nimekuwa nikiugawa mraba mkubwa kuwa minne, nyumba baada ya nyumba. Mikono yangu ilikuwa ikijua jambo ambalo mdomo wangu ulilikosea mbele ya kijiji kizima.

Halafu akanipeleka kwenye mlango wa nyumba ya mama. Pale kaka yako aliandika kwa chaki, majira ya baridi ya mwaka jana: 135. Hayo ndiyo matita aliyoikatia. Nakumbuka nilimtania, "Jiko letu sitini, na mama yako mia na thelathini na tano? Kamba yake imezidi hatua moja tu. Mwana wa mama wewe." Alicheka, akasema, "Kaulize mkate wako." Nilidhani ana njaa. Nikamkatia kipande, akala, akaniacha na ujinga wangu.

Sasa naelewa alikuwa akisema nini. Chungu chenye upana mara mbili, kama unataka mkate wa unene uleule, hula unga mara nne. Hilo nalo nalifanya kila Jumamosi.

Lineo alinieleza kama walivyofundishwa shuleni, na aliliita uwiano. Kamba ya jiko kwa kamba ya mama ni mbili kwa tatu. Lakini paa haliendi mbili kwa tatu, linaenda mbili mara mbili kwa tatu mara tatu, yaani nne kwa tisa. Sitini ukiigawa kwa nne ni kumi na tano. Kumi na tano mara tisa ni mia na thelathini na tano. Kaka yako hakuzidisha hata tita moja. Na nyumba ya Bibi Matsepo, kumi na tano mara kumi na sita, ilitaka mia mbili na arobaini. Nilikuwa nimekata nusu.

Nikamuuliza babake alimfundisha lini. Akasema hakumfundisha, alimwona akipanga kokoto. Kisha akaniuliza, "Mama, utamwacha Babu Sekake aendelee kuitwa ng'ombe?"

Kesho yake nikaenda kwa chifu, nikaomba awaite watu. Nikasema kosa ni langu, idadi ni yangu, na kwamba mtoto wangu aliniambia nikamnyamazisha. Niliyasema nikiwa nimeinamisha kichwa, na wakati huu hakuna aliyecheka. Mzee Sekake akasema, "Siku tatu nimekula nyasi. Leo nirudieni kunipa uji." Hapo watu wakacheka. Mimi sikuweza. Hakuniangalia, wala simlaumu.

Pengo lilikuwa matita mia na ishirini. Kijiji kizima hapakuwa na nyasi kavu ila zile za mama. Mvua isingengoja barua iende Cape Town na kurudi, lakini simu ya posta ipo, na sikwenda kukupigia. Hilo silisingizii mvua. Niliogopa utasema hapana, na niliogopa zaidi kukueleza kwa nini ninaziomba.

Unajua kaka yako alikuwa akifunga kwa mkono wa kushoto, na mafundo yake yalilalia upande wake. Wanawake walitaka kukata kamba kwa visu ili twende haraka. Niliwaomba waniachie. Nilifungua yote mia na ishirini mwenyewe, moja moja, asubuhi hadi jioni, na kamba nimezihifadhi.

Bibi Matsepo na watoto wamelala ndani tangu Alhamisi. Jumamosi ilinyesha. Alikuja asubuhi na bakuli la uji mchachu, akaliweka mlangoni na kusema, "Hakuna tone." Nililiingiza bakuli jikoni.

Nyumba ya mama inavuja upande wa dirisha. Ukija, utalala kwangu, kitandani, mimi na Lineo tutalala chini. Baridi ijayo nitakata mia na ishirini kwa mundu wangu, na Lineo ndiye atakayehesabu. Yamebaki kumi na tano. Hayo sijayafungua. Nimeyaacha kwa ajili yako, uyafungue wewe au uyaache na mafundo yake.

Na kama utaona mkono wako hauwezi kunivua kitambaa mwaka huu, sitamwomba mtu mwingine. Nitakivaa hadi utakapokuja.

Nisalimie Bwana Thebe, Relebohile na mdogo wake Khauhelo. Mwambie Shangazi Mmabatho sufu yake ilifika. Lineo anawasalimu nyote. Mungu awafunike chini ya paa lisilovuja.

Ni mimi, mke wa kaka yako, ninayekupenda,
Malineo

Unapomkumbuka yeye, unikumbuke na mimi.