Mlango Ulionirudisha na Ndara

Baba,

Mvua zimepita na mto umerudi kwenye mkondo wake. Mama mzima, ni magoti tu yanayomsumbua. Chumba cha kushonea kipo palepale nyuma ya duka la mchele, na watu wa Garsen bado wanasema "peleka kwa Mzee Soksi," ingawa anayekaa kwenye cherehani siku hizi ni mimi. Nilijaribu kuwasahihisha nikachoka. Nimewaachia.

Tulikuzika na soksi zako. Shangazi hakutaka. Alisema mtu anakwenda kupumzika, soksi za kufika magotini za nini na joto hili. Lakini mwenye kukuvisha nilikuwa mimi. Nilizivuta hadi chini ya magoti nikazikunja upana wa vidole viwili, vile ulivyozikunja kila asubuhi tangu ustaafu, katika mji ambao saa tatu tu mbuzi wameshatafuta kivuli. Juu nikakuvisha shati jeupe la kola, nikalichomekea vizuri. Hakuna klabu ya gofu ambayo ingekurudisha.

Sasa sikia nililokuja nalo. Nilikwenda klabu. Ndiyo, mimi Naomi, niliyesema mbele yako na mbele ya Mama kwamba sitapakanyaga tena.

Unajua kwa nini nilisema hivyo, ila hatukuwahi kulizungumza. Kila nikilikaribia ulikuwa unachukua kofia unatoka. Leo huna pa kutokea, kwa hiyo utanisikiliza.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mdogo wangu Yona, aliyekuwa bado ananyonya, aliumwa siku nane, na asubuhi ya siku ya tisa Mama akaona hali imebadilika. Nyumbani hakukuwa na simu. Akanipandisha basi nije nikuite kazini, kule klabu. Nilivaa leso yake na ndara za mpira, kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo. Nikafika, na aliyesimama mlangoni ulikuwa wewe. Kazi yako ilikuwa hiyo, kumtazama mtu kuanzia kola mpaka kiatu na kumrudisha asiyevaa inavyotakiwa, hata awe nani. Siku hiyo palikuwa na mashindano, wageni wanashuka kwenye magari. Ukanitazama mimi pia, kuanzia juu mpaka chini. Nikaanza, "Baba, Mama amesema..." Ukaninyamazisha kwa mkono. Ukasema, "Hapa hakusimamwi na ndara. Nenda kwenye benchi la makedi, zamu ikiisha nakuja."

Nilikaa kwenye lile benchi na wabeba mikoba ya gofu mpaka jua likageuka. Nilikuwa mtoto, nimezoea kutii. Ulipotoka nikakuambia, ukanishika mkono tukakimbilia stendi. Lakini basi la mwisho lilikuwa limeshaondoka. Tulifika Garsen kesho yake mchana, Yona ameshazikwa.

Daktari alimwambia Mama kwamba mtoto asingepona hata ungekuwepo. Hilo najua. Lakini ungemshika, Baba. Mama alikuwa peke yake.

Hukusema pole. Hukusema lolote. Mwaka uliofuata ulikuja likizo na habari kwamba fundi wa klabu anakufundisha kushona, na mimi nikajiambia, mtu huyu amefiwa na mtoto, anachofikiria ni biashara ya uzeeni. Nilikuchukia kwa hilo, nakuambia kweli. Kisha ukastaafu, ukarudi na cherehani, ukanifundisha, nikakupenda tena kidogokidogo kwa sababu ulikuwa mwalimu mzuri. Chuki yenyewe haikuondoka. Ilikaa pembeni.

Tuseme ya Habiba, yule binti wa wafugaji wa Kiorma, maana yeye ndiye aliyenipeleka.

Matanga yalipokwisha alikuja dukani na ile fimbo ya gofu uliyomwazima. Alisimama mlangoni, dera limejaa vumbi la uwanja wa mnada. Unakumbuka siku ya kwanza ulipokwenda pale kupiga mipira yako ya zamani, siku isiyo ya soko, na Waorma wote wakaacha mifugo kukutazama? Wavulana walicheka soksi. Yeye hakucheka, alikuja akaomba fimbo. Mpira wa tatu ulivuka zizi la ng'ombe. Ulirudi nyumbani jioni hiyo ukala ugali bila kuongea, halafu ukasema, "Yule mtoto ana mkono."

Basi akaniambia, "Mzee aliniahidi siku ya watoto." Kumbe ulikuwa umeshapeleka jina lake. Mara moja kwa mwaka klabu inawafungulia watoto wa nje, wanaofanya vizuri wanaitwa kila likizo ya shule kufundishwa, na wewe ulishamwambia atakwenda. Ukafa bila kuniachia hata neno. Nilikaribia kumwambia hapana. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikamwona anavyofuta ile fimbo na ncha ya mtandio, nikasema nitaona.

Sheria za mavazi nilikuwa nazo kichwani, ulivyokuwa ukizisoma kama sala. Shati la kola. Lichomekewe. Mkanda. Hakuna jinzi, hakuna fulana. Soksi hadi gotini. Kiatu kilichofunika vidole. Nikamwita mama yake nikamweleza. Alinisikiliza mpaka kwenye kuchomekea, akaweka kikombe chini. "Akichomekea, kila mtu atamwona umbo. Kama ndiyo sheria yao, abaki hapa." Na Habiba amesimama pale pale, macho chini. Mama yake hakuwa mkali, alikuwa amesema tu ilivyo. Kwao shati linafunika, kwa klabu shati linaingia ndani. Mimi katikati na mkasi.

Ilinichukua wiki tatu. Shati la kwanza nililichana. La pili Mama alisema linafanana na sare ya polisi. La tatu nililishona pamoja na sketi, kitu kimoja. Juu ni nyeupe, kola na vifungo, mikono mpaka kiganjani. Chini buluu, pana, ndefu, na suruali ndani yake. Kiunoni nikapitisha mkanda, ukitazama unaona shati limechomekewa. Mgongoni niliweka marinda ili lisishike mwili. Halichomoki hata aruke, kwa sababu hakuna cha kuchomoka. Mama Habiba alimwambia arukuu, kisha asujudu, kisha ainue mikono kama anayepiga mpira, akamzunguka mara mbili. Akasema, "Hili sawa." Mtandio nikaukata kitambaa kilekile cha sketi. Na kwenye kola, kwa ndani, kifungo nilikishona kwa uzi mwekundu, kama ulivyonifundisha. Ulikuwa ukisema ni alama yako, kazi ikirudi mezani uijue.

Tukaenda, mimi na yeye. Mama yake alitusindikiza mpaka stendi, akamshika kidevu akamwambia asinione mimi mgeni, anione mama.

Mlangoni alikuwepo Karisa. Yule kijana uliyemfundisha kazi sasa ana mvi na miwani. Alimtazama Habiba kuanzia kola mpaka kiatu, na nilijua ni wewe uliyemfundisha kutazama hivyo. Habiba akanyanyua pindo la suruali kidogo amwonyeshe soksi. Karisa akacheka. Akasema soksi ndefu ziliondolewa kwenye kibao cha sheria za mavazi zamani, Mzee mwenyewe akiwa bado kazini, ila Mzee alikataa kuzivua. Kwa hiyo ulijua, Baba. Miaka yote ile ya jasho Garsen, ulijua. Sitaki hata kuuliza.

Alimpitisha. Alimsifia na nguo, akauliza nani kashona. Halafu akanigeukia mimi, akaangalia chini, akasema kwa upole, "Dada, samahani. Wewe siwezi kukupitisha hivyo."

Nilikuwa na ndara.

Wiki tatu nimemshonea mtoto wa watu kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi, na asubuhi ile nikajifunga leso nikatoka na ndara zangu za kila siku, zile za nyumbani mpaka dukani. Pengine nilisahau. Pengine sikusahau, nilitaka mtu anirudishe tena ili niwe na haki ya kukasirika. Mpaka leo sina hakika. Nilimwambia Karisa maneno ambayo hakustahili. Nilimwambia mlango huu ulinizuia nikiwa mtoto, na ndani ya nyumba yetu kulikuwa na kilio, na aliyenizuia ni Mzee wenu mnayemsifu.

Karisa alisema tu, "Njoo." Akanipeleka kibandani kwake, kando ya geti, akafungua kabati la mbao.

Unajua kilichokuwemo, kwa hiyo sitakueleza kana kwamba hujui. Lakini nataka usikie nilivyokiona mimi. Viatu vimepangwa, vya wakubwa nyuma, vya watoto mbele. Sketi, suruali, mashati ya kola yaliyokunjwa. Karisa alisema wote wanaoliona huliita Kabati la Mzee. Ulilianza mwaka ule ulipojifunza kushona. Uliomba viatu vya wanachama walivyotaka kutupa, nguo ukashona mwenyewe usiku na mapumzikoni. Mtu akija amevaa vibaya hakurudishwa tena, aliazimwa. Wake za makedi, watoto waliotumwa, mafundi wa mabomba. "Alisema hataki mtu akae kwenye lile benchi na neno mdomoni," Karisa aliniambia.

Nilichukua shati moja nikageuza kola. Uzi mwekundu. La pili, uzi mwekundu.

Chini kabisa kulikuwa na shati dogo, karatasi ndani yake lisikunjamane. Karisa akasema hilo halijawahi kuazimwa, Mzee alikuwa akikataa, akisema lina mwenyewe. Nikalikunjua. Mimi ni fundi, kipimo nakisoma kwa jicho, umenifundisha wewe. Mabega ya msichana wa miaka kumi na mitatu, mwembamba. Na bega la kulia limekatwa chini kidogo kuliko la kushoto. Baba, ni nani mwingine unayemjua mwenye bega la kulia lililoshuka? Ni wewe uliyekuwa ukiniambia ni kwa sababu ya ndoo za mtoni.

Nililia. Nilikwenda kwenye lile benchi, bado lipo, wamelipaka rangi ya kijani, nikakaa nikalia na wabeba mikoba wakajifanya hawanioni. Nililia kwa ajili ya Yona, nikalia kwa ajili yako, halafu nikakasirika upya. Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu lingetosha. Umemshonea kila mtu aliyepita mlango ule, mimi uliyekuwa unanishonea ukaninyamazia miaka yote hiyo, tumekaa meza moja, tunatumia mkasi mmoja. Nilikuwa nakuona unatoka na kofia, nikidhani hujali. Ulikuwa huwezi. Sasa naelewa, lakini hasira bado ninayo, na sitakudanganya kwamba imekwisha kwa sababu ya shati.

Karisa alinitafutia viatu. Vyeusi, vya kamba, vinabana kidogo upande. Nikavivaa na leso yangu vilevile, akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akafungua geti.

Habiba alikuwa ameshaanza. Wenzake walikuwa na kofia zenye ukingo wa mbele na sketi fupi, na fimbo mpya zinazong'aa. Yeye alikuwa na fimbo yako moja. Marinda yalifunguka alipozungusha mkono, yakajifunga aliposhusha, na shati halikusogea kiunoni hata kidogo. Mwalimu wao alimwambia arudie. Akarudia. Akamwambia arudie tena, mpaka wengine wakasimama kutazama. Wamemwita likizo ijayo. Mama yake ameshaniuliza kama naweza kumshonea la pili, la kubadilisha.

Lile shati dogo Karisa aliniambia nilichukue, ni langu. Nilikataa. Nimemwambia aliazime. Msichana yeyote atakayekuja mlangoni na leso ya mama yake na ndara, apewe hilo kwanza, halafu asikilizwe. Au asikilizwe kwanza, shati baadaye. Nilimwambia hivyo mara mbili na akaniitikia mara mbili.

Na mimi nimeahidi kabati nguo tatu za mtindo wa Habiba, kwa ajili ya wasichana ambao mama zao hawataki shati lichomekewe. Mbili nimeshazikata. Uzi mwekundu utakuwepo.

Nakuaga hapa, Baba, Mama ananiita nikamsugue magoti. Lala na soksi zako. Nakujua, kama huko uliko kuna mlango, wameshakupa kazi pale pale. Siku yangu ikifika nitakuja na leso, na nitakuja na ndara, makusudi. Usiniambie nikakae kwenye benchi. Nifungulie, nikuambie alichosema Mama.

Wako,
Naomi