Mkebe wa Burma na Neno Maji

Jumanne, kumi la pili la Ramadhani. Jua kali tangu asubuhi. Ukungu wa bondeni leo haukupanda kabisa.

Leo nimeponea chupuchupu kupelekwa Lindi na kamba shingoni, kwa sababu ya mkebe wa tambuu.

Mkebe ni wa Burma. Niliupata kwa baharia mmoja huko kwetu Kilwa, nikampa jora la bafta, na sasa ni yapata miaka thelathini sijaiona Kilwa. Umesukwa kwa mianzi myembamba, ukapakwa utomvu mweusi wa mti tabaka juu ya tabaka, kisha ukachorwa ndege wekundu kwa ncha ya chuma. Ulikuwa mkongwe hata siku ile.

Huku Newala tambuu haipatikani. Mke wangu, Mama Hadija, alimwaga chokaa yangu ya kulia tambuu akatia maji ya kunywa. Hauvuji, asema, na una kifuniko. Nimelalamika miaka kumi.

Tangu vita hivi vianze, Wadachi wanamsaka kila mwenye dawa ya maji. Mimi ni mtu wa tahadhari. Neno lenyewe nimeacha kulitamka.

Adhuhuri akaja askari wa boma, peke yake, jasho likimtiririka. Jicho lake likatua kwenye mkebe.

"Humo mna nini, mzee?"

"Cha kunywa."

"Uji?"

"Si uji."

"Tembo?"

"Astaghfirullah. Mwezi huu?"

"Basi hicho kitu kina jina gani?"

Nikasema ni kitu baridi, hakina rangi, na kila kiumbe hukihitaji. Askari akashusha bunduki begani.

"Maji, baba," Mama Hadija akasema kutoka jikoni. "Sisi huku twaita maji."

Askari akanisogezea mkebe. "Kunywa, nione."

Nikikataa, mimi ni mwasi. Nikinywa, nimefungua saumu saa saba mchana. Nikapiga funda, nikaliweka mashavuni.

"Meza."

Hapo ndipo ningehitaji ulimi wangu, nao ulikuwa umezama. Mama Hadija akatoka, akamkabidhi askari mkebe.

"Amefunga huyo. Ukidhani ni dawa, mwaga. Kisha ushuke bondeni ukateke mengine, uyapandishe kichwani kabla ya magharibi. Mimi haya nimeyafuata tangu alfajiri."

Askari akautazama mteremko aliotoka kuupanda. Akautazama mkebe. Akaurudisha kwa mikono miwili, polepole, tone lisimwagike.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akaenda zake.

Kufikia alasiri Mama Hadija alikuwa amekwisha kuwaambia majirani wote kwamba mumewe ameshika funga mbele ya mtutu. Wazee wawili wamekuja kunipa mkono. Mmoja alitokwa machozi.

Niseme ukweli hapa, maana karatasi haina jirani.

Askari alipomwamkia mke wangu, nilimeza.

Tena si tone. Funda zima, na lilikuwa tamu.

Saumu nitailipa baada ya Idi, hilo jepesi. Lakini nitalipaje siku moja nyumbani humu bila Mama Hadija kuuliza ni ya nini?