Taulo Zilizopigwa Pasi

Jumatano, jioni. Mawingu yamekalia Uluguru tangu asubuhi, mvua hainyeshi wala jua halitoki. Siku ya hovyo kwa mtu mwenye vitu vya kuanika. Nimeingia internet kafe ya jirani na stendi ya Msamvu nikiwa bado na buti za mpira, watu wakanitazama kuanzia miguuni. Watazame.

Nina hasira, na sitasubiri ipoe ndipo niandike.

Leo bosi wangu, Mzee Kibwana, amenitoa kwenye kazi ya polishi mbele ya watu. Kuanzia kesho, kasema, nirudi kuosha makapeti ya magari. Miaka minne nimepanda kutoka makapeti hadi polishi, mwanamke pekee pale, halafu nishushwe kwa sentensi moja. Sababu ni gari jeusi lililotoka mikononi mwangu juzi. Mwenye gari alifika kituo cha mafuta usiku, taa zikapiga kwenye boneti, akaona mikwaruzo myembamba ya mviringo imejaa kila mahali. Leo kalirudisha.

"Nilisema mimi," Mzee Kibwana akasema, "polishi haitaki mikono ya kike."

Salumu, mwenzangu wa kazi, akacheka. Nimemsikia.

Sasa, shajara, wewe sikufichi. Mikwaruzo ni yangu. Ila mikono yangu haina kosa, kosa liko kwenye taulo.

Wiki iliyopita nilikwenda Matombo kumzika mjomba. Kwetu Waluguru mjomba, kaka yake mama, hazikwi huku mpwa wake yuko mjini anang'arisha magari. Nilikaa siku nne. Na mtu akiwa msibani, wenzake humshikia kazi. Mimi mwenyewe nimewashikia wengi. Basi Mama Rehema, mke wa bosi, ambaye nyumba yake iko palepale nyuma ya sehemu yetu ya kuoshea, akaliona beseni langu la taulo chafu. Akasema, huyu mtoto ana msiba, acha nimfulie.

Akazifua pamoja na madera yake. Akatia ile dawa ya kulainisha nguo, ya kunukia. Akazianika juu ya majani, kama tunavyoanika kanga. Halafu, kwa upendo kabisa, akazipiga pasi ya mkaa.

Nilizikuta zimekunjwa vizuri kama vitambaa vya altare, zinanukia waridi. Nililia. Nilikuwa natoka kumzika mtu, na mtu mwingine alikuwa amenifulia.

Kisha nikapitisha moja nyuma ya kiganja changu. Hilo alinifundisha mama, aliyekuwa mkaguzi wa vitambaa kiwandani mpaka kiwanda kilipobinafsishwa wakampunguza. Alikuwa akisema kiganja kimeota sugu, hakijui kitu, ila nyuma yake hapadanganywi. Taulo nzima ya maikrofaiba hunasa kidogo kwenye ngozi, maana ina vinyweleo vidogo sana, na hivyo ndivyo vinavyobeba vumbi bila kulisugua kwenye rangi. Hii ya waridi iliteleza katikati, dawa imeziba vinyweleo vyote. Pembeni pasi ilikuwa imeviyeyusha vikawa vigumu kama ukoko wa wali. Nikachomoa mbegu mbili za kishona nguo, zilizonasa kule majanini, na nyuzi za dera jekundu.

Nilijua. Naliandika hili makusudi, nisije nikajidanganya baadaye. Nilijua taulo zimekufa, na nikazitumia.

Mama Rehema alikuwa amesimama mlangoni anasubiri kuona. "Umeziona, mwanangu? Sasa hizi ndizo taulo, siyo yale madude yako yaliyokunjamana."

"Nimeziona, Mama. Asante sana, Mungu akuzidishie."

Nikachagua ile niliyoona ina afadhali, nikaishusha kwenye boneti nyeusi. Kwenye rangi nyeusi hakuna afadhali.

Kwa hiyo leo, Mzee Kibwana alipokuwa ananisema, jibu lilikuwa limeshafika kwenye meno: kamuulize mkeo. Nikalimeza. Sijui kama ilikuwa heshima au woga, labda vyote viwili. Lakini lile la mikono ya kike lilikataa kumezeka.

"Mzee," nikasema, "kosa la gari ni langu na nitalitengeneza mimi. Kwenye makapeti sirudi."

Hata bomba la maji mtu alilifunga wasikie vizuri.

"Unanijibu?"

"Nakujibu, Mzee. Gari libaki hapa mpaka kesho saa nne. Mwenyewe akikuta mkwaruzo hata mmoja, buti nakuachia na getini natoka peku."

Mwenye gari, aliyekuwa amesimama hapo hapo, akaweka funguo mezani. "Saa nne," akasema, akaondoka. Mzee Kibwana akanitazama kama mtu anayeona mlango wa nyumba yake unaongea. Na mimi nilijishangaa. Sijawahi kumwambia mtu mzima "sirudi" maishani mwangu, na nimegundua neno lenyewe si zito hivyo.

Mchana kutwa nimefua. Nina taulo tano mpya nilizokuwa nimezificha kabatini. Hata mpya hufuliwa kwanza. Maji ya baridi, sabuni ya maji kidogo, beseni ambalo dera halijawahi kuingia. Jiki hapana. Ya kunukia hapana. Nikasuuza mpaka maji yakawa meupe, nikazibana bila kuzisokota.

"Unamwogesha mtoto?" Salumu akauliza.

"Ndiyo, na kwenye arobaini yake hujaalikwa."

Nikazitundika kwenye kamba chini ya paa, mbali na vumbi la mabasi. Moja ikateleza ikaanguka chini. Wenzangu wangeikung'uta na kuirudisha, ndivyo walivyozoea. Mimi nimeitupa kwenye ndoo ya matairi. Mchanga ukishaingia mle kwenye vinyweleo hausikii kukung'utwa. Zimebaki nne na zinanitosha. Mikwaruzo yenyewe ni ya juu juu, polishi ya taratibu itaitoa, mradi kitambaa cha kufutia kiwe kizima. Alfajiri nitakuwa pale.

Zile za Mama Rehema zote nimezikata pembe, ili mtu asizichanganye tena na nzima. Hizo sasa ni za matairi.

Na hapo ndipo ninapoona aibu, maana baada ya kuzikata nimezificha chini ya ndoo. Nimemjibu mume mbele ya wafanyakazi na mteja, halafu mke nimemkimbia kwa kupita upande wa choo. Gari jeusi siliogopi. Ninachokiogopa ni uso wa yule mama akiona pembe zilizokatwa. Lakini nikinyamaza, msiba mwingine ukitokea pasi itawashwa tena, nami nitasema tena Mungu akuzidishie, na gari jingine litachubuka kwa sababu ya adabu yangu.

Hapana. Imetosha.

Kesho, kabla sijaligusa lile gari, napita mlango wa nyuma. Nitampa shikamoo yake, nitamshukuru tena kwa kunishika mkono msibani, na shukrani hiyo ni ya kweli. Halafu nitauomba mkono wake, niugeuze, nipitishe nyuma ya kiganja taulo aliyoipiga pasi, kisha yangu.

Akikasirika, akasirike. Atakuwa amehisi mwenyewe, na mimi nitakwenda kwenye boneti.