Maswali Niliyowapa Watoto Wapeleke Nyumbani

Jumanne, Juru, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa imeacha, na matope yamefika mpaka kizingitini. Naogopa.

Naandika kwenye simu, nimekaa mlangoni, fasi mtandao unapopatikana, na maharage yako motoni. Kesho kuna mkutano wa wazazi shuleni kwetu. Sijui kama nitatoka humo nikiwa bado mwalimu.

Shule yetu ni ya kanisa, ya msingi, mabati juu na udongo pembeni. Mwanzoni mwa mwaka mchungaji alinipa kazi ya kupanga mtaala wa shule nzima. Alitaka mtaala mpana, usiwe wa Biblia na hesabu peke yake. Alisema Mungu hakuumba kichwa tu, aliumba na mikono, na masikio, na miguu ya kucheza, kwa hiyo shule yake isiache kiungo chochote nje. Nikakubali mbio mbio, maana nilijisikia mtu wa maana. Kumbe nilikuwa najitia kitanzi.

Mimi hupanga kwa maharage. Natandika mkeka, kila punje ni kipindi, kila rangi ni somo. Mekundu ni hesabu, meupe ni Kiingereza, ya njano ni Biblia, yale ya madoadoa ni nyimbo, kuchora na bustani. Ukisimama juu ya mkeka unaona juma zima. Ukiona ni mekundu na meupe matupu, unajua watoto watasinzia. Binti yangu Neema hunicheka, anasema mama anapika juma.

Meusi yalikuwa machache. Hayo ni somo nililolibuni mwenyewe, nikaliita Historia ya Nyumbani. Niliona watoto wetu wanajua wafalme wa Uganda na mito ya Uganda, na ni vizuri, ndiyo nchi iliyotupokea. Lakini uliza mtoto wa Kivu, kule Kongo tulikotoka, babu yake alilima nini, anakutazama tu.

Juma lililopita nilikwenda Mbarara kumwonyesha Madam Justine. Yeye ni Mganda, aliwahi kufundisha huku kwetu, sasa anafundisha mjini. Mume wake ni askari, wanakaa Makenke, kambi ya jeshi, na Kiswahili chake ni kile cha kambini. Alitazama ratiba yangu akatikisa kichwa. "Wewe, hii ngoma yote ya nini? Mtihani ya P7, ile ya kumaliza primary, haiulizangi ngoma. Weka Kiingereza mingi." Halafu akaweka kidole kwenye Historia ya Nyumbani. "Hii iko muzuri sana. Lakini itakuletea matata."

Nilidhani anasema habari ya muda wa vipindi. Sikuuliza.

Ijumaa nikawapa watoto kazi ya nyumbani. Waulize wazazi: familia yetu ilitoka kijiji gani? Iliondoka majira gani? Iliondoka na nani? Njiani ilipita wapi? Niliandika maswali hayo ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri, nikayazungushia maua kwa chaki za rangi.

Maua! Eh Mungu wangu.

Mtu yeyote anayeishi Nakivale angeyatambua pale pale. Ndiyo maswali ya Base Camp, kwenye ofisi wanakoandikisha wakimbizi. Ndiyo yale unayoulizwa ukiwa umekaa kwenye benchi, afisa anaandika, na miezi ikipita anakuita tena akuulize yale yale aone kama jibu limebadilika. Likibadilika, faili lako linawekwa pembeni. Hapa watu wazima hukaririshana majibu usiku wa kuamkia siku ya kuitwa. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye benchi lile. Nilisahauje? Nafikiri niliyataka sana yawe maswali ya kawaida, kama watu wengine wanavyoulizana.

Jana Esteri wa darasa la tatu alisimama kifua mbele. Bibi yake alikuwa amemsimulia kila kitu, amefurahi kuulizwa. Waliondoka wakati wa kumenya mihogo, akasema, na bibi alibeba kisu cha mihogo mpaka Uganda. Darasa likampigia makofi. Na mimi nikapiga.

Jioni mama yake akaja. Hakuketi. Alisimama hapo hapo nilipokaa sasa, miguu mitupu, matope mpaka kwenye magoti.

"Mwalimu, mimi nilisema kule Base Camp tulitoka mvua ikinyesha. Koko yake anasema ni wakati wa mihogo. Juma yenye kuja banatuita tena juu ya safari. Mutoto akisema ingine na mimi ingine, batasema tunadanganya."

Safari, kwa huku, ni kupelekwa kuishi nchi ya mbali. Familia ya Esteri wameingoja tangu mtoto hajajua kutembea.

Wote wawili wanasema kweli, nina hakika. Bibi anakumbuka kazi iliyokuwa mikononi mwake. Mama alikuwa na mtoto mgongoni, anakumbuka maji. Kwani mihogo haimenywi mvua ikinyesha? Lakini nani atakwenda kumweleza afisa hayo? Mimi? Nikijipeleka pale kueleza, si ndiyo nitazidi kuharibu?

Mama Esteri akaniuliza swali moja tu kabla ya kuondoka. "Habari yetu tulisha kuitoa. Wewe unaiulizia ya nini?"

Akageuka, akarudi kwenye matope yale yale.

Leo nusu ya madawati yalikuwa matupu. Neno limeshazunguka mtaani kwamba shule inakusanya habari za watu, kwamba nimetumwa. Nimetumwa na nani? Hakuna anayesema. Mchungaji naye amepatwa na hofu. Alinivuta pembeni wakati wa mapumziko, akanena kwa sauti ya chini, yeye ambaye akihubiri anasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Nilitoe lile somo, akasema, na kesho niwaambie wazazi kwamba limekwisha, halipo, halitarudi.

Nikarudi nyumbani nikatandika mkeka. Nikaondoa meusi, punje moja moja, nikasogeza meupe fasi yake.

Juma lilipendeza, lazima niseme ukweli. Kiingereza kingi, hesabu nyingi, Biblia ipo, nyimbo zipo. Hakuna wa kuogopa kitu. Ni mtaala ambao ungefaa watoto wa popote. Nikautazama mpaka macho yakachoka, na sikuona mtoto wetu hata mmoja ndani yake.

Lakini nikifumba macho namwona Esteri kwenye benchi la Base Camp. Anaulizwa, na anajibu kifua mbele, kama nilivyomfundisha. Hicho ndicho ninachokiogopa. Sio kufukuzwa kazi. Nikifukuzwa nitauza nyanya, nitaishi. Lakini safari ya watu ikifa kwa sababu ya maua yangu ya chaki, nitamtazama vipi mtoto yule?

Basi nikakaa nikafikiri, nikapata njia, au nilijidanganya kwamba nimepata. Kesho alfajiri nitapita kwanza kwa Mama Esteri kuomba msamaha. Halafu mkutanoni nitasema wazi: maswali yale nimeyafuta, nilikosea, hayakuwa ya shule. Hakuna mtoto atakayesimama darasani kusimulia safari ya watu wake. Badala yake mtoto alete wimbo ambao bibi huimba akilima. Alete namna ya kutwanga sombe, majani ya mihogo. Alete mchezo ambao baba alicheza utotoni. Mambo ambayo hakuna afisa anayeyaandika popote. Nani ataogopa mchezo?

Neema akaingia na dumu la maji, akautazama mkeka. "Mama, meusi iko wapi?"

Nikamwambia nabadilisha maswali, nikamsomea yale mapya. Akayapenda. Akajifuta mikono, akaketi, akaanza na mimi pale pale. Nilipokuwa kama yeye, nilicheza mchezo gani?

Nilijua hilo, nikajibu bila kujikaza. Nikamwambia kwetu kulikuwa na kilima, na mvua ikiisha, kama leo hivi, tulikuwa tunakata gogo la mgomba, tunalikalia, tunateleza mpaka chini mtoni. Nguo zinachafuka, mama anatungoja na fimbo.

"Wewe, mama? Kuteleza?" Alicheka mpaka akajishika mbavu. Na mimi nikacheka. Nilijisikia mwepesi, nikajiambia, umeona, kumbe inawezekana, kesho itakwenda vizuri.

Akauliza, bado anacheka, "Na ulikuwa unateleza na nani?"

Na nani.

Ndilo swali nililolifuta. Sikumpa mimi, hakulisoma ubaoni. Limekuja lenyewe, limefuata mgomba.

Nikainuka kwenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nikasema moshi huu, moshi huu. Neema akageukia mkeka. Amezoea mama akinyamaza na yeye ananyamaza, hivyo ndivyo tunavyoishi sisi wawili. Pale Base Camp nililitaja jina la huyo niliyeteleza naye mara nyingi, herufi kwa herufi, ili liandikwe sawasawa. Humu nyumbani sijawahi.

Nikarudi nikaketi.

"Na Amisi," nikamwambia. "Mdogo wangu. Alikuwa anakaa mbele yangu, ananishika magoti, anapiga kelele mpaka chini."

Hakuuliza yuko wapi. Aliokota punje moja nyeusi akaiweka kwenye mkeka, fasi ya Ijumaa, ilipokuwa.

"Amisi," akasema, polepole, kama anajaribu neno la lugha ngeni.

Sijui kesho wazazi watasema nini. Sijui mchungaji atanitazama vipi. Sijui Esteri ataulizwa nini juma lijalo, na hilo sina namna ya kulirudisha nyuma. Naogopa kama nilivyoogopa asubuhi, labda zaidi.

Maharage yameiva. Neema ananiita, na tukila anataka nimwambie Amisi alikuwa anapiga kelele gani.