Maji Uliyomkataza Kalala

Tata wangu mpendwa,

Usicheke huko uliko: binti yako amekuwa mwanafunzi tena, na mvi hizi. Chuo chenyewe kiko mbali, hata mlango wake siujui. Nasoma kwa simu, hapa hapa Kolwezi, tulikorudi na Mama, nimekaa karibu na dirisha ambako mtandao hushika vizuri. Mvua ikinyesha, mwalimu huganda kinywa wazi. Nimesoma historia, nikasoma sheria, nikaonja uchumi, na sasa niko kwenye afya ya watoto. Mama ananitania: "Weye uko sawa na mutu wa kuonja kila sufuria ku matanga. Utashiba lini?"

Nakuandikia kwa sababu ulikufa bila kunibariki kwa masomo. Nilipomaliza sekondari kule Mwene-Ditu, nilipiga magoti mbele yako uniwekee mikono kichwani, kama wazazi wetu wanavyofanya mtoto anapoanza safari. Ulinitazama, ukasema, "Masomo haiokoe mutu," ukatoka nje. Maneno hayo kutoka kwako, mwalimu, yameniuma miaka yote. Nadhani ndiyo yaliyonitembeza kutoka somo hadi somo, nikitafuta masomo yalikukosea nini.

Maana nakukumbuka ulivyokuwa Kolwezi, ukifundisha fizikia, chaki mfukoni hata Jumapili kanisani. Ulizaliwa hapa. Baba yako ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Wewe Kasai ulikuwa hujawahi kuiona. Kisha mgodi ukaporomoka, mishahara ikakauka, wakatafutwa watu wa kulaumiwa, tukapatikana sisi wenye asili ya Kasai. Jirani tuliyeombana naye chumvi alisimama mlangoni bila kutuangalia usoni. "Tata Mwalimu, murudi kwenu," alisema. Ukamuuliza, "Kwetu ni wapi?" Akageuka, akaenda zake.

Tukahamia gare, kituo cha treni, na umati wa wenzetu, kungojea treni ya kwenda Kasai. Tulilala kando ya reli. Wewe hukukaa bure: ulikusanya watoto na walimu wenzako waliofukuzwa, huyu akafundisha hesabu, yule jiografia, na ubao wenu ukawa ubavu wa behewa bovu. Nilijivuna sana. Mdogo wangu Kalala alikaa mbele kabisa, akidakia hata maswali ya wakubwa.

Kisha akaanza kuhara, kama wengi pale. Maji ya gare yalikuwa machafu, na kuni za kuyachemsha hazikupatikana. Ulimpakata ukatukataza sisi sote: "Musimupe mayi. Hii mayi njo inaua batoto." Alilia kiu, Tata. Alikuwa akilamba jasho la mkono wako. Aliponyamaza tulidhani amelala. Tulimzika karibu na reli, na treni ilipokuja tukapanda.

Kule Mwene-Ditu, tulikoshukia Kasai, ulifundisha kidogo, kisha ukaacha ghafla, ukaanza kuuza sabuni sokoni. Watu walisema ni kwa sababu walimu hawalipwi. Nami niliamini hivyo.

Wiki iliyopita somo langu lilifika kwenye kuhara. Mwalimu alieleza taratibu kwamba mtoto anayehara hufa kwa kuishiwa maji, kwamba lazima anyweshwe na kunyweshwa tena, maji safi yenye sukari na chumvi kidogo. Nilizima simu. Nilimwendea Mama, alikuwa akichambua majani ya sombe, nikamweleza. Hakushtuka hata kidogo.

"Tata yako alijua," alisema. "Kule Mwene-Ditu, siku moja munganga alikuwa anafundisha bamama mambo ya kuhara, na yeye alikuwa anasikiliza ku mulango. Akarudia ku nyumba, akaniambia: 'Mi njo niliua mutoto.' Toka ile siku hakushika tena chaki."

Nililia kwa ajili ya Kalala, halafu nikalia zaidi kwa ajili yako. Tulikula sahani moja miaka yote hiyo, na hukusema. Nilidhani hukutaka nikuzidi, au kwamba msichana kwako si kitu. Kumbe uliogopa kunibariki niende kwenye kitu kilichokuacha peke yako siku uliyokihitaji kuliko zote. Ningejua, ningekaa karibu nawe kwenye ile meza ya sabuni. Nisingesema kitu, ningekaa tu.

Lakini maji yale yalikuwa machafu kweli, Tata. Hapo hukukosea. Kama tungeachwa kwenye nyumba yetu yenye bomba, Kalala angekunywa na huenda angepona, na leo angekuwa mwanaume mwenye kitambi, anayekuja kunisumbua kila Jumapili nimpikie. Mzigo ulioubeba mpaka kaburini ulikuwa wa watu wengi, nao waliuacha juu ya mabega yako wakaenda kulala.

Kazi ya mwisho ya somo ilitaka tueleze habari za mgonjwa mmoja na chanzo cha kifo chake. Niliandika habari za Kalala. Kwenye chanzo cha kifo niliandika: kufukuzwa. Mwalimu akanirudishia, akasema jibu sahihi ni kuishiwa maji, nirekebishe nisije nikaanguka. Nimemtumia tena vilevile, Tata. Sikubadilisha neno.

Pumzika sasa.

Binti yako,
dada yake Kalala